Mechi za uwanja wa Sokoine, Mbeya: unakaa kwa TV au unaenda uwanjani?

Mwanauyole

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wale mnaoenda uwanjani na wale mliogoma kabisa kwenda, maana hapa kwangu mjadala umekuwa mkubwa hadi shemeji kaingilia kati.

Iko hivi. Mimi ni mtu wa mpira toka zamani ila mpira wangu ni wa kwenye TV. Mwaka jana nilijikakamua nikanunua inchi 43, dishi liko juu ya bati, kifurushi nalipia kila mwezi, na wikiendi nikishatoka kwenye mihangaiko naangalia ligi yetu na ya Uingereza, chai pembeni, karanga pembeni, baridi la Uyole linapiga huko nje mimi nipo ndani na blanketi. Sasa toka Mbeya City warudi Ligi Kuu, na Prisons nao wapo, mwanangu wa miaka 9 ameanza baba twende Sokoine, baba twende Sokoine, anasema wenzake shuleni wanapelekwa na baba zao yeye tu ndo anasimuliwa. Mama yake akasikia akaweka kikao. Anasema nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, kiingilio, na vile vya kununua njiani (mtoto huyu akiona mtu anauza kitu lazima atake) ukijumlisha si unalipia kifurushi cha mwezi mzima na luku inabaki? Na mpira wenyewe unaonyeshwa laivu, marudio yapo, mchambuzi yupo anakueleza kila kitu.

Nimepiga hesabu nikaona kweli ana hoja. Ila mtoto naye namwonea huruma.

Kwa hiyo swali langu, mechi ambayo inaonyeshwa laivu, kule uwanjani kuna nini ambacho mimi kwenye kochi sikipati? Msiniambie raha, kila niliyemuuliza ananiambia raha halafu anaishia hapo. Nataka mtu anieleze akiwa kule anaona nini. Na kwa mtoto pakoje, pana usalama?

Nawasilisha.

Kijana wa Iyunga

Mkuu, kamera inafuata mpira. Hilo tu ndo tatizo la TV na wala halirekebishiki hata ununue inchi 100.

Mimi nimecheza beki wa kushoto kwenye timu za mtaani, sikufika popote, lakini toka hapo nikiangalia mechi macho yangu yanaenda kwa mabeki wa pembeni bila kupenda. Kwenye TV beki wa pembeni unamwona pale tu mpira ukiwa kwake. Akipokea, akitoa pasi, kapotea, unarudi kumwona dakika mbili baadaye anahema na hujui alikuwa wapi. Uwanjani unamwona muda wote. Unamwona anavyochungulia winga wa kule, anarudi hatua tatu, anapiga kelele kwa kiungo wake "mtu nyuma yako", anapanda anapoona mwenzake wa kulia kabaki, na wakati mwingine anapanda wote wawili wamepanda na wewe pale jukwaani unaona kabisa hili ni bao linakuja, unaliona kabla halijatokea, unasimama mwenyewe wenzako bado wamekaa. Hiyo kwenye kochi huipati. Kwenye kochi bao linakuja kama ajali.

Kingine ni mambo ya pembeni. Kona inapigwa kule, huku katikati ya uwanja beki wa kati kamshika jezi straika na wanacheka, wanafahamiana hao, labda walikuwa timu moja msimu uliopita. Kocha anamfokea mtu ambaye wala hana mpira. Mchezaji wa akiba katolewa kupasha, anapasha dakika ishirini nzima na kila akigeuka benchi hakuna anayemwangalia, mpaka unamhurumia. Timu ya nyumbani ikiwa inaongoza waokota mipira ghafla wote wanakuwa wagonjwa wa miguu, mpira ukitoka mtoto anautembelea kama anaenda dukani kwa mtu anayemdai.

Na sisi huku juu tuna kitu chetu cha ziada. Mji uko kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, timu ikitoka pwani ukifika dakika ya 70 angalia wale walio mbali na mpira, mikono kiunoni, mwingine kainama kashika magoti. TV haikuonyeshi hao maana hawana mpira. Ila wewe uliyeko uwanjani unajua mapema kabisa nani atapitwa.

Mpeleke mtoto.

Fundi Dishi

Mimi kazi yangu nafunga madishi hapa mjini mpaka Mbalizi kwa hiyo mtasema natetea ugali wangu, sawa, natetea.

Kijana wa Iyunga kaongea vizuri ila kaacha upande wa pili. Uwanjani bao likikataliwa hujui kwa nini limekataliwa. Mshika kibendera kanyoosha, watu wanapiga kelele, unamuuliza jirani yako, jirani naye anamuuliza jirani yake, mwisho wa yote unamwona mtu mzima anatoa simu anampigia mdogo wake aliyeko nyumbani "hebu niambie, ilikuwa ofsaidi kweli?" Yaani katoa hela yake kuja kuona halafu anaulizia kwa mtu aliyekaa kwa TV. Mimi nacheka sana.

Ila kwa kuwa umeuliza kiukweli nakupa na ubaya wa kwetu, maana wateja wengi hawaujui. TV haiko laivu vile mnavyofikiria. Watu wanasema ni kwa sababu setilaiti iko mbali. Iko mbali kweli, kama kilomita 36,000 kwenda juu, lakini mawimbi yanaenda kwa kasi ya mwanga, kupanda na kushuka ni kama robo sekunde tu, hata hustuki. Wanaochelewesha ni mitambo. Picha inatoka kwenye kamera inaingia kwenye gari la matangazo, inabanwa iwe ndogo ipite, inarushwa, inafika studio inawekewa nembo na matokeo pale juu, inabanwa tena, inarushwa tena, king'amuzi chako kinaanza kuifungua. Mpaka ikufikie zimepita sekunde kadhaa. Ukiangalia kwenye simu ndo balaa, simu inajiwekea akiba ya vipande kwanza ili isikatekate, unaweza ukawa nyuma nusu dakika hata zaidi. Ndo maana wale wa mkeka, wanaobeti, simu inawaambia bao limeingia wakati kwenye TV mpira bado uko kwa kipa.

Nina mteja anakaa jirani na Sokoine kabisa, alinipigia simu kwa hasira eti nimemfungia dishi bovu. Nikaenda. Nikapima signal, nzuri. Namuuliza tatizo nini, ananiambia nasikia watu wanashangilia kule halafu mimi kwangu bado hakuna kitu, nasubiri, ndo naona bao, nimeshajua tayari. Nikamwambia kaka hakuna fundi atakutibu hiyo, uhame nyumba au ukate tiketi.

Na mvua. Mvua yetu ya kuanzia Novemba mpaka Aprili mnaijua, ile kubwa ikishuka matone yanameza mawimbi na picha inakata, na inapenda kukata pale penati inapopigwa. Kama dishi limelengwa vizuri toka mwanzo na signal iko juu, mvua ya kawaida haikusumbui. Likilengwa kimazoea tu ilimradi picha imeonekana, wingu likipita tu picha inaganda vipande vipande. Mwenye shida hiyo anicheki inbox.

Mama Wawili

Habari zenu. Mimi ni mwanamke, naenda Sokoine, na wanangu naenda nao, kwa hiyo acha nikujibu la usalama maana naona wanaume wameruka wakaenda kwenye mabeki.

Mechi yake ya kwanza isiwe ya Simba wala Yanga. Najua ndo atakayoitaka. Usikubali. Siku hiyo kiingilio kinapanda, mlangoni mnasukumana, watu wametoka mpaka Tunduma na Kyela na Chunya, na mtoto wa miaka 9 kichwa chake kiko usawa wa viwiko vya watu. Mpeleke mechi ya kawaida, Prisons na timu ya katikati ya msimamo, anakaa anaona vizuri, akichoka mnatembea kidogo.

Wahini. Kama mpira ni saa 10 nyie saa 8 na nusu muwe ndani, na hiyo siyo hasara maana watoto wanapenda kuangalia timu zinavyopasha misuli kuliko hata mpira wenyewe, wachezaji wanakuwa karibu, anasikia ule mpira unavyopigwa PAH. Mpira ukiisha msikimbilie mlangoni, kaeni dakika kumi, waache wenye haraka zao watangulie. Namba yako ya simu iandike kwenye karatasi muwekee mfukoni. Chooni aende nyumbani kabla hamjatoka, hapo sitaki kuongea mengi. Sweta, hata kama mchana jua kali, ikifika saa 12 jioni utanikumbuka.

Lugha ndo tatizo. Kuna watu mdomo wao ukiona refa unafunguka wenyewe. Wa kwangu alirudi nyumbani na msamiati mpya akautumia mezani mbele ya bibi yake, ilibidi nimkalishe chini. Kaeni jukwaani karibu na watu wazima wenye familia, siyo kule kwa wanaopiga ngoma.

Lakini kuna kitu nataka mama yake akisikie. Nyumbani watoto wangu mpira wanaangalia dakika kumi, mmoja kashika simu mwingine kaenda kucheza nje. Uwanjani walikaa mpaka mwisho.

Mpunga Mbarali

Mwanauyole mimi sikushauri, mimi nakusimulia halafu utaamua.

Tarehe 29 Novemba 2022, Jumanne, nilikuwa uwanja wa Highland Estate pale Ubaruku. Yanga wanakuja kwetu na mechi 49 za ligi hawajafungwa. Arobaini na tisa. Na Ihefu yetu wakati huo ilikuwa inahangaika huko chini ya msimamo, hakuna mtu mwenye akili zake alikuwa anatupa nafasi, hata sisi wenyewe tulienda kuwaona Yanga tukubali ukweli. Siku ya kazi lakini mitaa ilikuwa mitupu, mashine za kukoboa zimefungwa, wenye bodaboda wanabeba watu watatu watatu.

Tukashinda 2-1.

Sasa wewe ulikuwa kwenye kochi uliona, nchi nzima iliona, mabao mliyaona mara sita na mchambuzi akawachorea mistari. Mimi la kwanza sikuliona vizuri, kuna jamaa mrefu mbele yangu. Sitaki kudanganya. Lakini ile dakika za mwisho, uwanja ule ni mdogo, watu wamejaa mpaka karibu na mstari, hakuna aliyekuwa anaongea, unasikia wachezaji wanaitana, unasikia kiatu kinagusa mpira, mzee mmoja pembeni yangu simfahamu kanishika mkono ameubana utadhani mimi ndo beki. Refa alipopuliza sikumbuki nilimkumbatia nani na nani. Mpaka leo nikikutana na yule mzee Rujewa hatusalimiani kwa jina, tunaulizana tu "ulikuwepo?" tunacheka.

Haya, sikiliza mwisho wake. Mwaka 2024 timu ikahamia Singida, leo inaitwa Singida Black Stars. Ile ile ambayo nilikuwa naifuata kwa boda. Sasa hivi nawaangalia kwenye TV sawa na mtu wa Kigoma anavyowaangalia, picha safi kabisa, sina hata mwezi nimekosa kulipia kifurushi. Ken Gold wa Chunya nao walipanda wakacheza msimu mmoja wakashuka. Prisons walishawahi kwenda kuchezea mechi za nyumbani Sumbawanga. Timu za huku kwetu leo zipo kesho hazipo mzee, na Mbeya City wenyewe juzi tu walikuwa Championship, ligi ya chini yake. Wewe una timu mbili za Ligi Kuu ziko daladala moja kutoka mlangoni kwako na bado unapiga hesabu ya karanga.

Mnyalu wa Ipogolo

Kamwene. Nawasoma hapa Iringa nimebaki kucheka kwa uchungu, mnabishana TV au uwanja, sisi hatuna hata cha kuchagua. Toka timu yetu Lipuli ishuke 2020 uwanja wa Samora upo tu unaangaliana na sisi.

Ila naitetea TV kidogo. 2019 Lipuli tulifika fainali ya kombe la FA, na Azam, ikapigwa Lindi uwanja wa Ilulu. Iringa kwenda Lindi wenye ramani mnajua ni safari ya namna gani, wengi tuliishia kuangalia. Tukafungwa 1-0. Bila TV ile siku nisingeiona kabisa, na vile kamera ilivyokuwa inawasogelea wachezaji wetu baada ya filimbi, unaona kabisa yule analia na yule anamnyanyua mwenzake, uwanjani ukiwa upande wa pili unaona jezi tu zimekaa chini. Kwa mechi za ugenini TV haina mpinzani, tusidanganyane.

Lakini kama timu ipo nyumbani nenda. Mtu mwenye chakula mezani halafu anaangalia picha ya chakula simwelewi.

Kandambili wa Kabwe

Nyie wote mnaongea kama kuna njia mbili tu. Kibanda umiza, banda la kulipia kuangalia mpira, mmekisahau? Kiingilio ni pesa ya soda, marudio unayaona, kelele zipo, watani wapo wa kuwapigia kelele, umeme ukikata jenereta linawashwa dakika hiyo hiyo maana mwenye banda anajua akichelewa viti vinaondoka. Uwanjani na nyumbani vyote viko pale pale kwenye benchi la mbao.

Mama Wawili

@Kandambili wa Kabwe na mtoto wa miaka 9 umkalishe wapi, chini ya moshi wa sigara? Na lile benchi mgongo wangu unalijua.

Kandambili wa Kabwe

Mtoto abaki na mama yake nyumbani aangalie katuni, shida iko wapi

Mwanauyole

Wakuu nawasoma wote, shukrani. @Mpunga Mbarali umenigusa kwa kweli, nilimsomea mama watoto kanyamaza kidogo halafu akasema "huyo naye ana maneno". @Fundi Dishi kumbe ndo maana jirani yangu mwenye redio huwa anashangilia kabla yangu, nilijua ananitania!

Sasa mwingine anisaidie hapa. Mama watoto kaja na hoja mpya, anasema timu zinalipwa na TV, kwa hiyo hata mimi nikikaa hapa nalipia kifurushi naisaidia Mbeya City, sina deni la kwenda. Kuna ukweli?

Mahesabu Mwanjelwa

Upo, ila nusu.

Mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF (shirikisho letu la soka) mkataba wa haki za matangazo ya ligi, miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Kwa wastani ni kama bilioni 22 na nusu kwa mwaka, na humo ndo klabu zinapata fungu lao. Kwa timu kama zetu, moja ya halmashauri ya jiji, nyingine ya Magereza, hazina tajiri wa kumwaga hela, lile fungu ni pumzi. Kabla hela za TV hazijaanza kuingia timu za mikoani zilikuwa zinasafiri kwa kuchangishana, nyie wa zamani mnakumbuka. Kwa hiyo mke wako hajakosea.

Lakini hela ya TV timu inaipata ukiangalia usiangalie, kifurushi chako unakilipia hata kwa ajili ya tamthilia. Ya mlangoni inategemea wewe umekuja au hujaja. Inakatwa makato yake, ndiyo, ila ni ya mechi ile, timu ile, na ikionekana Sokoine watu hawaji hata wadhamini hawaji, mdhamini anataka kuona vichwa. Mechi za Simba na Yanga hapa zinajaa, mechi nyingine unaweza ukahesabu watu kwa majina, halafu tunalalamika timu inashuka.

Lawama nyingine si za mashabiki. Ratiba siku hizi inaifuata TV, mechi zinatawanywa ili zote zionekane, unakuta mpira uko Jumatano saa 10 jioni. Jumatano saa 10 mimi nipo dukani, mwalimu yupo shule, daktari yupo wodini, ni nani aje? Halafu kamera ikipita majukwaa matupu mtu wa Dar anaandika Mbeya hawapendi mpira. Mbeya! Waulize msimu wa 2013/14 Mbeya City wanapanda kwa mara ya kwanza chini ya kocha Mwambusi wakamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, uwanja ulikuwa wa zambarau mpaka kwenye miti ya nje.

Mzee wa Tukuyu

Wajukuu hamjambo. Naona mnagombana TV na uwanja, sisi Tukuyu Stars inachukua ubingwa wa Bara 1986, ndo kwanza imepanda msimu huo huo, TV huku Bara haikuwepo na wengi wetu hatukuwa na nauli. Tulikuwa na redio. Redio moja ya betri, watu wamejaa uani, betri zikianza kuchoka tunazitoa tunazianika juani zinapata nguvu kidogo tunarudisha. Mtangazaji wa Redio Tanzania akisema Banyambala (ndo Tukuyu Stars hao) wanapanda, na sisi wote tunanyanyuka kwenye vigoda. Mechi nyingi za msimu ule nazikumbuka vizuri kuliko hizi ninazoziona na rangi zake zote.

Huyu baba nina jambo moja dogo la kumwambia. Ukienda na kijana, beba redio ndogo au simu yenye redio na waya wa masikio. Unaangalia kwa macho, masikioni mtangazaji anakutajia majina. Mtoto hajui namba 14 wa timu ngeni ni nani na wewe pia hujui, usijifanye.

Kijana wa Iyunga

Shikamoo mzee. Hiyo ya redio ni kweli kabisa, jukwaani wapo wengi wanaofanya hivyo, na bao likikataliwa wale ndo wanaulizwa, siyo mdogo wa mtu nyumbani @Fundi Dishi.

Mzee wa Tukuyu

Marahaba.

Fundi Dishi

Shikamoo mzee wetu. Hapo kwenye redio nimekubali, redio ya kawaida ya masafa haibanwi sana kama picha, inafika mapema. Ile ya kusikiliza kwa intaneti ndo inachelewa kama TV ya simu, kwa hiyo uvute masafa, usitumie bando.

Mwanauyole

Marahaba zote za mzee nami nazichukua, shikamoo babu.

Basi imeamuliwa. Mechi ya Prisons ya wikiendi, siyo hizo za Jumatano, na siyo ya Simba wala Yanga kama Mama Wawili alivyoelekeza. Mama watoto kasikia kuna sehemu wanakaa wenye familia na yeye sasa anataka kuja "kuhakikisha usalama", kwa hiyo hesabu ya nauli imetoka watu wawili imekuwa watatu, mniombee. Bado moja, mtoto wa umri huo analipa kiingilio?

Mama Wawili

Inategemea mechi na aliyeko mlangoni siku hiyo. Wa kwangu mara nyingine wamepita bure mara nyingine nimeambiwa nilipe. Nenda na hela yake mkononi, usiende kubishana geti mbele ya mtoto. Na ukinunua mahindi ya kuchoma nunua ya nje kabla ya kuingia, ndani bei inabadilika.

Kijana wa Iyunga

Mkifika mwambie achague mchezaji mmoja, yeyote, amwangalie dakika kumi bila kuangalia mpira. Jioni akusimulie.

Fundi Dishi

Na kifurushi usikate, wiki inayofuata wanaweza kuwa ugenini.